Ubeti wa Tatu Alioufuta Zabron Mwaisumo

Ubeti wa tatu wa wimbo wa Mei Mosi wa kwaya yetu ulipotea mwaka 2004, na aliyeupoteza ni mwenye wimbo mwenyewe. Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Zabron Mwaisumo anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa katika kinu chetu cha unga. Menejimenti imeuchapa tena ubeti huo kwenye ratiba ya kumuaga, bila kumuuliza.

Aliajiriwa depo ya Mlandege, Iringa, mtunza ghala mwenye gitaa. Siku hizo alikuwa mtu wa chama mpaka soksi. Ubeti wake wa tatu ulimwita mfanyabiashara kupe, na viongozi waliupenda sana.

Vyama vingi vilipoingia akahamia upinzani. Alitunga nyimbo nne kwa mwezi mmoja, akapata barua mbili za onyo. Alipohamishiwa Uyole akaokoka, kwenye mkutano wa injili Mbalizi. Gitaa likaitwa la shetani, likauzwa, na kupe wa ubeti wa tatu sasa akawa yeyote ambaye hajaokoka. Kati ya waimbaji ishirini na wawili, tisa wakaacha kwaya. Walisema afadhali kupe wa zamani, angalau alikuwa na sukari.

Mwamvita wa maabara hakuacha. Alikuja mazoezini kama kawaida, ila ubeti wa tatu ukifika ananyamaza. Mwaka ule wa 2004 Bertha, mke wa Zabron, alilazwa wiki saba. Mwamvita alimpelekea uji kila asubuhi kabla ya zamu. Zabron alipokwenda kumshukuru, akajibiwa: "Kaka Zabron, kupe wako wa kwanza ni baba yangu. Duka lake la Mlandege ndilo lililonisomesha. Kupe wa pili ni mimi."

Bertha alipona. Zabron akarudi mazoezini, akaufuta ubeti, akaomba usiimbwe tena, akakataa kuandika mwingine. Alisema hataki tena kumchagulia Mungu watu, wala kukichagulia chama maadui. Tangu hapo sehemu hiyo tunaivumisha tu, midomo imefungwa. Wale tisa, saba wamerudi. Yeye bado anasali na bado anapiga kura, na gitaa amenunua jingine. Nyimbo zake za sasa zinauliza barabara ya kinuni itawekwa lami lini, hata awe nani madarakani.

Kaka Zabron, kwaya unayotuachia ina Waislamu, walokole na wasiosali kabisa, na wote wanaingia kwenye kiitikio kwa pamoja. Asante. Pumzika na Bertha, upige gitaa mpaka majirani walalamike.

Sasa menejimenti. Nimeuliza mara tatu, nikaambiwa ubeti ule ni historia ya kampuni. Ni historia ya mtu, mtu huyo yupo hai, na ameomba usiimbwe. Kwaya inataka jibu moja kabla ya saa sita mchana Alhamisi: ubeti wa tatu unatoka kwenye ratiba, ndiyo au hapana?

Tadeo Mgaya
Mweka Hazina wa Kwaya