Godefroid Banza Ngoy na Mkono Aliouficha

Nani kati yenu amesema kwamba Rodrigue Mutale alimwua Godefroid Banza Ngoy? Aliyesema asubiri wasifu huu usomwe mpaka mwisho, kisha aseme tena, mbele ya jeneza, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwenye kilio.

Godefroid alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa baba Mathieu Ngoy na mama Agnès Mwamba. Baba Mathieu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilibaki huko, kati ya behewa na behewa, kabla Godefroid hajajua kutembea. Mtoto alikua akidhani kila baba ana vidole vitatu upande mmoja. Alipofikisha miaka mitano alimwuliza mama yake vidole vyake yeye vitadondoka lini. Mwaka 1969 baba alihamishiwa Lubumbashi, na familia nzima ikashuka na treni, pamoja na kuku wanne na kitanda cha mbao.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha shule ya ufundi, na mwezi wa Julai 1981 akapata diploma ya umekanika. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja: hakukubali kugusa mashine yoyote kabla ya kuizunguka mara mbili huku mikono ameiweka mgongoni. Wenzake walimcheka. Yeye alimaliza miaka sita ya karakana na vidole kumi.

Kuanzia 1982 alifanya kazi kwenye karakana ya reli, akichonga vyuma kwenye tour, mashine inayozungusha chuma kikichongwa. Mwaka 1999 alianza kufundisha ufundi huo huo, na Septemba 2004 alipelekwa Liège, Ubelgiji, kwa mafunzo ya miezi kumi na minane. Huko, Jumamosi moja ya mvua, alisikia chuma kinagongana nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Alidhani ni karakana, akaingia. Alikuta watu wazima, daktari, dereva wa basi, mwalimu wa hesabu, wanapigana kwa panga ndefu za mikono miwili, panga butu, kwa kufuata michoro ya vitabu vya Ulaya vya miaka mia tano iliyopita. Alitazama dakika kumi, kisha akasema kwa Kifaransa: "Mbona wote mnaacha mikono nje?" Siku hiyo hiyo wakampa upanga.

Aliporudi Lubumbashi, mtaani kwake Naviundu, alianza kuwafundisha wengine. Tarehe 5 Agosti 2007 alifungua darasa la upanga kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Panga alizichonga mwenyewe kutoka vyuma vya springi za malori. Glavu zilitoka kwenye mikanda mizito ya mpira inayobeba mawe migodini, na mkewe alizishona kwa sindano ya fundi viatu. Watu walimwuliza Mwafrika anatafuta nini kwenye mapigano ya Wazungu wa kale. Alijibu kwamba mkono hauna kabila.

Fundisho lake lilikuwa fupi. Anayekushambulia analeta vitu viwili karibu nawe, upanga wake na mikono yake, na mikono ndiyo inafika kwanza kama hana akili. Kichwa kiko mbali, moyo uko mbali. Mkono uko hapa. Basi piga mkono. Na kwa kuwa mwenzako naye anajua hivyo, tanguliza chuma, mkono ufuate, mguu uwe wa mwisho. Ukimaliza kupiga usibaki umenyoosha mikono kama anayeomba chakula; irudishe nyuma ya msalaba wa upanga, kile chuma kinachokingama juu ya mpini, chuma kikiwa katikati yenu. Tena, ukiona mkono umeachwa wazi mbele yako, usifurahi. Jiulize nani ameuacha, na kwa nini.

"Ile mukono njo mutego," alikuwa akiwaambia vijana. "Muntu anakuonyesha mukono, weye utazame mabega yake."

Hakuamini kitu ukumbini isipokuwa kimoja. Upanga butu hauachi alama kwenye mpira, na katika kelele zile hakuna anayejua kwa hakika nani amepigwa ila aliyepigwa mwenyewe. Kwa hiyo aliweka sheria: ukipatwa kwenye mkono, unauinua juu na kusema, "Iko." Hakuna mwamuzi, hakuna ubishi. Mwenye mkono ndiye shahidi. Aliyenyamaza alipelekwa nyumbani mwezi mzima, hata angekuwa mtoto wa paroko.

Alifunga ndoa na Victorine Kyungu wa Kipushi tarehe 20 Desemba 1986, katika kanisa la huko Kipushi. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Onésime. Mama Victorine hakuwahi kushika upanga, lakini hakuna glavu iliyoingia ukumbini bila kupita magotini kwake, na alijua mkono wa kila mwanafunzi kwa kipimo chake kuliko kwa sura.

Sasa ugonjwa. Hapa ndipo maneno yalipoanza, kwa hiyo hapa tarehe zisikilizwe vizuri.

Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, Godefroid alikuwa akifundisha somo la mtego. Mwanafunzi wake mkubwa, Rodrigue Mutale, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Annexe, mtu wa miaka ishirini na saba ambaye amekuwa ukumbini miaka kumi na mmoja, alisimama mbele yake. Godefroid aliuacha mkono wa kulia wazi makusudi, ili Rodrigue aufuate naye amkamate. Rodrigue aliufuata. Mzee alichelewa kidogo, kama anavyochelewa mtu wa miaka sitini na mitatu, na upanga ukagonga kidole gumba, mahali ambapo mpira wa glavu ulikuwa umelika.

"Maître, iko?" Rodrigue alimwuliza mwalimu wake.

"Hapana. Umepiga msalaba."

"Nilisikia sauti ingine, Maître."

"Nimesema umepiga msalaba. Endelea."

Hilo lilikuwa la kwanza na la mwisho: siku hiyo Godefroid Banza alivunja sheria yake mwenyewe. Ukucha ulikuwa umepasuka. Alikuwa pia na kisukari tangu miaka minne, na aliyejua alikuwa muuguzi mmoja tu wa kituo cha afya. Nyumbani alitia mkono mfukoni, na alimpa Rodrigue amri asifike kwake mpaka amwite.

Mama Victorine aliona kitu, ila hakujua ameona nini. Mumewe alianza kula bukari, ugali wetu, kwa kijiko.

"Tangu siku gani muntu ya Kabalo anakula bukari na kijiko?" alimwuliza.

"Njo vile tulikuwa nakula kule Liège."

"Kule Liège hakukuwa bukari, baba Onésime."

Mama Victorine alishuku mwanamke. Alinusa mashati. Alihesabu dakika kati ya misa na nyumbani. Franck, mdogo wake Godefroid, alishuku kaka yake anauza vifaa vya ukumbi kwa siri. Aristote, mpwa wake, huyu anayewasomea, ambaye amesoma chuo na angepaswa kuwa na akili zaidi, alishuku Rodrigue, kwa sababu Rodrigue aliacha ghafla kufika nyumbani na alikuwa na ufunguo wa ukumbi. Nyumba nzima ilikuwa na macho. Hakuna aliyesema: baba, tuonyeshe mkono.

Tarehe 5 Machi alianguka uani akiwa na homa kali. Hospitalini walipofungua kitambaa, harufu ilijaza chumba. Daktari alisema sukari na jeraha lililofichwa siku kumi na nane. Alisema mara tatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Franck aliitikia kwa kichwa, akatoka nje kwenye baraza, akamwambia Aristote:

"Sukari, ni maneno ya muganga. Sukari haikate kidole. Kuko muntu alipiga ile kidole. Nani?"

Wanafunzi waliwasimulia pigo la Jumamosi ile, na kesho yake wote wawili walikwenda Annexe. Rodrigue alivua miwani ya kuchomelea na kusimama.

"Uliweka nini kwenye upanga?" Franck aliuliza.

"Hatuweke kitu kwenye upanga, Papa Franck. Mafuta ya mashine tu, juu ya kutu."

"Juu ya nini hukuya kumuona?"

"Alinikataza."

"Alikukataza. Mukubwa anagonjwa, na weye unakatazwa. Unatutazama kama bantu ya bule."

Rodrigue alivaa tena miwani yake, akarudi kwenye kazi. Na hilo nalo likahesabiwa kuwa kosa.

Jumapili tarehe 9 Machi, Godefroid alipata nafuu ya saa chache. Alibaki na Aristote peke yake, na mpwa akamwuliza kwa nini hakusema "Iko."

"Ningelisema, Franck angelisema nini?"

"Angelisema Rodrigue anakuloga, mujomba. Angelisema anatafuta kiti yako."

"Na weye?"

Aristote alivuta shuka, akaifunika miguu ya mjomba wake.

"Njo vile," Godefroid alisema. "Nilifikiri kidole tu, itapona. Mpaka ipone, hapana muntu kujua. Yule mutoto alinipiga vizuri. Ilikuwa pigo muzuri sana."

Maneno haya yamesomwa hapa kwa sababu yaliachwa mikononi mwa familia, na familia ilitaka yaachwe nje ya karatasi hii. Hapana. Godefroid Banza hakufa kwa upanga, wala kwa sumu, wala kwa mlozi. Alificha mkono wake akimkinga mtu asiye na hatia dhidi ya ndugu zake mwenyewe, dhidi yetu, na alikuwa sahihi kutushuku. Kama nyumba ile ingekuwa mahali ambapo mtu anaweza kuinua mkono uliopasuka na kusema "Iko" bila kutafutiwa mchawi, leo angekuwa ukumbini.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alasiri, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na minne. Ameacha mjane, mama Victorine Kyungu, watoto Onésime, Graciella na Bénie, wajukuu watano, dada yake mkubwa, mama Perpétue, mdogo wake, Franck, wapwa wengi, na wanafunzi thelathini na mmoja. Mungu mwenye rehema ampe pumziko ambalo mikono yake haikulijua.

Limebaki jambo moja, na Aristote aliliona kwa macho yake. Asubuhi iliyofuata kifo, saa mbili, wanaume wa familia waliingia morgue, chumba cha maiti, kumwosha marehemu. Waliosha kichwa, kifua, miguu. Mkono wa kulia ulibaki ndani ya mfuko wa plastiki, na kila mmoja alijikuta ana kazi upande mwingine wa meza.

"Ile tuiache vile," Franck alisema. "Hatujue ndani muko nini."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Rodrigue, na beseni.

"Weye unatafuta nini hapa?"

"Mama Victorine ananituma, Papa Franck. Kunawisha mukono."

Hakuna aliyempisha, hakuna aliyemzuia. Aliutoa mfuko. Aliosha kuanzia kifundo, kidole kwa kidole, akibadilisha maji mara mbili, kisha akaanza kukata kucha. Franck alikuwa ameinama juu yake, akifuata vidole vyake bila kupepesa. Alitandaza leso.

"Leta yote. Hata moja isibakie kwako."

"Ziko ine tu, Papa. Ya kidole gumba ilishatoka."

Franck alizihesabu, akafunga leso, akaitia mfukoni. Rodrigue alichukua taulo kwa mikono yote miwili, na mkono wa marehemu, kwa uzito wake, ukaanza kuteleza kutoka mezani. Franck aliutazama ukiteleza. Kisha akaweka kiganja chini ya kiwiko cha kaka yake, akakishika hivyo mpaka Rodrigue alipomaliza kukausha.