Moshi wa Kirolirwe Ndani ya Forum

Hapa Sake, mahali barabara ya Masisi inaachana na ya Minova, kuko banc yenye muguu mumoja mufupi. Tunakaa pale kunywa kawa ya Mama Libérata na kubishana, kwa sababu kazi iko kidogo na midomo iko mingi. Archange anatengeneza telefone, na njo yeye alifungua forum ndani ya internet, ya watu wa kijiji ya Kirolirwe wenye vita ilitawanya. Zamani ilikuwa maandishi tu: nani amekufa, nani amezaa, ngombe ya nani imeonekana. Leo asubuhi akaongeza video: unagusa, inacheza mulemule. Ya kwanza kuingia inaonyesha lupango ya Mama Libérata, kiwanja ya nyumba yake kule Kirolirwe. Nyumba imesimama, moshi inatoka jikoni. Mama akafunga bulungu yake ya manguo palepale. Bwana yake, Papa Sebarenzi, alibakia kule na ngombe, na mwaka muzima hakuna habari.

— Miye naenda. Kontena, lori yako inapanda saa ngapi?

Kontena njo Mumbere, mufanyabiashara wa Butembo.

— Inapanda sasa, mama. Lakini hii video ilifanywa lini?

— Forum inaandika siku ilitumwa tu, Archange akasema. Ilitumwa leo asubuhi.

— Angalia maharagi nyuma ya nyumba, Nzabandora akaingilia. Tunamuita Profesa, na hajafundisha hata siku moja. Maharagi iko na maua, akaendelea. Njo msimu huu. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba inaingia wapi? Kontena akacheka. Maharagi inatoaka maua kila mwaka. Haiandikake tarehe.

— Basi ni mashini ilichora ile moshi! Profesa akasema. Siku hizi mashini inachora hata bibi yako akicheza mupira.

— Mashini itajua aje jiko yangu iko na tôle moja nyekundu kwa paa? Mama akauliza.

— Satellite, mama, Profesa akajibu. Inapita juu, inahesabu matôle.

— Uongo, Kontena akasema. Pale watu wamegeuza kiwanda ya fromage, jibini. Moshi mingi vile ni kuchemsha maziwa ya ngombe mia.

— Ngombe za nani? Mama Libérata akauliza.



Mama mumoja alikuwa amesimama kando na kitunga yake, akingojea lori ileile. Alikuwa anakunywa kawa na kutusikiliza. Benita, njo jina alitupatia baadaye.

— Munisamehe, akasema. Nani alishika telefone?

Eh! Tangu asubuhi tulikuwa tunaangalia nyumba, moshi, maharagi. Hakuna hata mumoja alifikiri kama kuko muntu alisimama katikati ya lupango, mukono yake haitetemeke. Archange akatafuta: mwenye kutuma anajiita Mwana Kirolirwe, na nusu ya forum inajiita vile.

Mama Libérata akagusa video tena. Sasa tukaona kitu: umbwa inatoka nyuma ya jiko, inatikisa mukia, inakuja kunusa viatu vya mwenye kushika telefone.

— Ni Soda, akasema polepole. Mugeni anamulumaka.

— Basi ni Papa Sebarenzi mwenyewe! Profesa akaruka.

— Umbwa inapenda mwenye kuipa chakula, Kontena akasema. Mwaka muzima ni murefu, mama.

Nilitaka kumupiga kofi. Lakini hakudanganya.

Lori ikapiga klakson. Mama akakaa juu ya bulungu yake, akamurudishia Archange telefone.

— Usitaje jina ya Soda. Andika chini ya video: wewe mwenye kushika telefone, umbwa inaitwa nani?

Archange akaandika, akatuma, akaweka telefone katikati ya banc. Klakson ikalia mara ya pili. Kontena akavuka barabara, akamuambia shoferi azime moteur ya lori, angojee jibu. Kawa ilikuwa imeisha, na hakuna mwenye aliomba ingine.