Jicho la Kushoto la Leonia

Ndugu waombolezaji, mimi ni Theodora, dada wa marehemu, familia imeniambia nisome yaliyoandikwa na nisiongeze ya kwangu, nitajitahidi.

Leonia Masele alizaliwa Puge, Nzega, tarehe 9 Juni 1974, akasoma hapo hapo mpaka darasa la saba mwaka 1989, kisha akaja Tabora kujifunza ushonaji, akafungua banda lake Ipuli, ambako wengi mnaonisikiliza mlipimwa viuno na mambo yenu yakapimwa papo hapo.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Renatus, baada ya kumkataa mara mbili aone kama atarudi, wakajaliwa binti mmoja, Advera, ambaye naye sasa ameolewa.

Mwezi Machi mwaka huu kope ya jicho lake la kushoto ilishuka, mboni ikawa kubwa kuliko ya pili, akalalamika maumivu nyuma ya jicho, lakini mtaa ukasema anamkonyeza Adinani wa buchani, naye akawajibu kwamba kama kukonyeza kunaongeza nyama kwenye mzani basi wamwache akonyeze, watu wakacheka, Renatus akanuna, na hospitali hakuna aliyeitaja.

Tarehe 2 Aprili, akiwa kwenye cherehani, alishika kisogo akasema ni kama amepigwa shoka, hajawahi kuumwa kichwa namna ile tangu azaliwe, akatapika, shingo ikakakamaa, mwanga ukamuumiza, akafungwa khanga kichwani ikakazwa kama walivyofanya mama zetu, akapewa dawa ya malaria, maumivu yakapungua, tukashukuru. Tarehe 6 yalirudi, akaanguka, akafariki hospitalini kesho yake, na daktari akatueleza kwamba mshipa wa damu kichwani ulivimba kama puto ukapasuka, na lile jicho ndilo lililokuwa dalili ya kwanza.

Mama yetu naye alianguka akiwa kisimani mwaka 1991 ameshika kichwa, akafa, jirani yake akaitwa mchawi mpaka akahama, leo familia inatamka mbele yenu kwamba yule jirani hakuroga mtu, kwani daktari amesema ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo.

Sasa Advera anaumwa kichwa, na wakwe zake, nawaona pale viti vya mbele, wamemtafutia mganga wa kumchanja, nawaheshimu sana, ila hachanjwi, keshokutwa napanda naye treni ya Mwanza akapigwe picha ya kichwa, na mwenye neno anifuate stesheni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ipuli, mafundi wenzake, na Adinani aliyeleta nyama ya msiba bila kukonyezwa.

Lala kwa utulivu, mdogo wangu, binti yako nimemshika mkono, simwachii.