Bi. Karwirwa na Uyoga wa Githongo

Bi. Cicily Karwirwa, Afisa Mkuu wa Ubunifu wa Biashara Ndogo katika ofisi yetu ya kanda hapa Embu, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na mitano. Wengi wetu tulioketi chini ya hema hili hatujawahi kuijua ofisi hii bila yeye. Mimi nimefanya kazi chini yake tangu mwaka 2011, na nilipoombwa kuandika ukurasa huu wa programu ya sherehe nilikubali upesi kabla hajapata nafasi ya kunikataza.

Alizaliwa Nkubu mwaka 1963 na akaajiriwa mwaka 1988 kama afisa wa viwanda vidogo mjini Meru. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka katika karakana za jua kali akiwaandikisha mafundi, na mafundi wengi walidhani amekuja kuwatoza ushuru. Wengine walitoroka kupitia nyuma wakimwona anavuka barabara. Yeye aliingia tu, akaketi kwenye kiti cha fundi na kusubiri hadi njaa imrudishe mwenye karakana. Baadhi ya mafundi waliotoroka wakati huo wako nasi leo, na naona wamevaa suti.

Serikali ilipoanza kutenga pesa za utafiti na ubunifu, na kusema kwamba si vyuo vikuu pekee vitakavyoziomba bali hata biashara ndogo, ofisi yetu ilipewa kazi ya kuwasaidia waombaji wa Meru na Embu. Bi. Karwirwa aliletwa Embu kuanzisha dawati hilo. Nasema dawati kwa sababu halikuwa zaidi ya hapo: meza moja, viti viwili na kabati lisilofungika, karibu na mlango wa choo. Hakulalamika. Alisema kwamba hapo angalau kila mtu atapita.

Wenzetu wa kanda nyingine waliwafundisha watu kujaza fomu. Madam, kama tunavyomwita sote, alianza na jambo lililowaudhi wengi. Alimtaka mwombaji aseme kwanza kitu asichokijua kuhusu kazi yake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa rahisi: pesa za utafiti hutolewa ili jambo litafutwe, na mtu ambaye tayari anajua kila kitu hana cha kutafuta. Ukiandika kwamba mradi wako utabadilisha maisha ya jamii nzima, alikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu bila kukutazama usoni. Nimewaona watu wazima wakitoka kwenye meza ile wamenuna kama watoto walionyimwa chapati.

Tuelewane, huku kwetu jambo hilo si dogo. Mgeni akija nyumbani unafagia uwanja, unamtolea kikombe kizuri na unafunga mlango wa chumba chenye vitu vibovu. Kusimama mbele ya watu kutoka Nairobi na kusema hujui ni kujivua nguo. Mwanabibi, mke wa Mbarak mwenye bucha hapa mjini, alikuwa ametengeneza kabati la kupozea nyama lenye kuta za makaa yaliyoloweshwa maji, na kabati lilifanya kazi vizuri isipokuwa siku za mvua. Madam alipomwambia aanze na hizo siku za mvua, alishtuka. “Ai, Madam! Nikisema sijui, customers si watanikimbia wote?” Ilimchukua muda mrefu kukubali. Leo kabati lake liko katika bucha kadhaa, na anayelinunua hulipata pamoja na maelezo ya siku za mvua.

Kule Kiritiri kulikuwa na Nthiga, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeunda mashine ya kupura ndengu. Siku aliyotuita kuiona, mashine iliwaka kwa kishindo na kurusha ndengu uwanja mzima. Mbuzi wa jirani walifurahi kupita kiasi. Mimi nilijificha nyuma ya gari. Madam alipigwa na ndengu usoni, akazikung'uta kutoka kwenye nywele zake, akamwomba Nthiga aiwashe tena ili aone zinatokea upande gani hasa. Nthiga anasema kwamba ni hapo alipoamini kuwa mama huyu hakuja kupiga picha.

Lakini kisa ninachotaka kukieleza kwa utulivu ni cha Githongo, mwaka 2016, kwa sababu ndicho kinachonionyesha Madam ni mtu wa namna gani.

Muthamia na mkewe Gacheri walikuwa wakijaribu kukuza uyoga kwa kutumia maganda ya kahawa, yale yanayotupwa na kiwanda na kunuka hadi barabarani. Walijaza maganda katika mifuko, wakatia mbegu ya uyoga na kuipanga katika ghala la zamani la mzee M'Mutugi, baba yake Muthamia. Mifuko michache ilitoa uyoga mzuri. Mingi ilishikwa na ukungu wa kijani na kuoza. Gacheri alikuwa ameacha kazi ya kufundisha chekechea kwa ajili ya mifuko hiyo, na mzee alikuwa ameanza kuchoka. Aliwaambia kwamba wageni wa serikali wakija na kuondoka bila kusifu kitu, ghala litakuwa la ndama wa kaka mkubwa wa Muthamia.

Hayo Madam aliyajua. Wao hawakujua upande wake. Wiki mbili kabla ya kamati ya kugawa pesa hizo kuja kutoka Nairobi, mkuu wetu wa wakati huo alituita ofisini na kusema kwamba dawati la ubunifu halikuwa limemletea mshindi hata mmoja kwa misimu miwili. Muthamia na Gacheri ndio pekee waliokuwa wamefika hatua ya kutembelewa. Wakishinda, dawati litabaki. Wasiposhinda, litafungwa na Madam atapelekwa kwingine. Tulipotoka nje alinitazama akaniambia nisilitaje jambo hilo Githongo hata kwa bahati mbaya.

Tulienda siku moja kabla ya kamati ili kuona kama mambo yako sawa. Yalikuwa sawa kupita kiasi. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa. Mbuzi alikuwa amechinjwa, mukimo wa viazi na mahindi unapondwa, na kwaya ya kanisa inafanya mazoezi chini ya mparachichi. Ndani, kila mfuko ulikuwa umejaa uyoga mweupe, mkubwa, wa kupendeza macho. Niliona dawati letu limepona na nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Madam aliushika uyoga mmoja, nao ukatoka mkononi mwake bila kung'ang'ania. Chini yake palikuwa na kijiti cha kuchokolea meno. Akashika mwingine, kijiti. Muthamia alikuwa ameununua uyoga wote mjini Meru asubuhi hiyo na kuuchomeka mmoja mmoja, na mifuko iliyooza alikuwa ameifukia nyuma ya migomba.

Nilitegemea atafoka, na sitasema uongo, nilitegemea pia kwamba akishafoka atanyamaza na kuiacha kamati ione ilichoandaliwa. Kilichokuwa hatarini ni meza yake yeye. Hakuna ambaye angejua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwomba Gacheri amwonyeshe walipofukia ile mifuko mingine.

Muthamia alikaribia kulia. “Madam, wageni watoke Nairobi yote hiyo, halafu niwaonyeshe takataka? Watu wataniona aje? Mzee ataniona aje?” Naye akamjibu polepole, kwa sauti aliyoitumia kwa watu aliowapenda: “Hawa hawaji kula, Muthamia. Wanakuja kujua. Kama wewe ushajua kila kitu, hizi pesa za research unataka za nini?”

Tulifukua mifuko hadi jua likazama. Yeye alivaa gambuti zake za kijani na kuchimba pamoja nasi. Gacheri alikumbuka kila mfuko maganda yake yalikaa kwa muda gani kabla ya kutiwa mbegu, na tukaipanga yote kando ya ukuta mweupe, iliyooza na michache iliyoota. Uyoga wa vijiti uliingia katika sufuria pamoja na mbuzi, na ulikuwa mtamu.

Kamati ilikuja. Gacheri alisimama mbele ya mistari ile, baba mkwe wake akiwa ameketi mlangoni na fimbo yake, akaeleza ni mifuko gani ilioza na ni ipi iliyoota, kisha akasema, “Kwa nini, bado hatujui.” Wajumbe walitazama, wakaandika, wakala, wakapanda gari lao. Hawakusifu kitu. Kwaya haikupata hata nafasi ya kuimba.

Gari liliondoka. Muthamia alikuwa anaangalia ghala kama mtu anayeaga. Mzee aliinuka, akaingia ndani peke yake, akatembea kando ya ile mifuko akiinama kunusa mmoja mmoja. Mzee huyo alikuwa amelima kahawa maisha yake yote kwa amri za watu waliojua kila kitu. Alipotoka alisema kwa Kimeru maneno machache ambayo Muthamia aliyarudia akiwa hawezi kujizuia. Alisema wakae na ghala mpaka wajue.

Hawakushinda msimu huo. Barua ilisema kazi yao ilikuwa bado changa. Mkuu alitimiza ahadi yake, meza ikaondolewa mlangoni mwa choo, na Madam akapewa kazi ya kusajili vibanda sokoni, kazi anayopewa afisa aliyeajiriwa jana. Aliifanya kwa miaka miwili, juani, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini na cheo kilichobaki kwenye karatasi tu. Kila Jumamosi alipanda kwenda Githongo kwa nauli yake, akakaa na Gacheri ndani ya ghala wakilinganisha maganda mabichi na yaliyokaa, yaliyochemshwa na yasiyochemshwa. Mwalimu Koome, mume wake, aliniuliza mara moja kama ofisi ilikuwa imefungua tawi huko. Nilimwambia ndiyo.

Mwaka 2018 waliomba tena, na sasa walijua walichokuwa wanauliza. Walishinda. Muthamia alimtafuta Madam kumshukuru, akamkuta katika soko la Githongo chini ya mwavuli, akiandikisha wauza viatu. Nilikuwa naye siku hiyo. Muthamia alidhani amekuja kukagua kazi ya vijana wake, akamnunulia soda, akampongeza kwa kupandishwa cheo hadi kusimamia masoko yote. Madam alipokea soda na pongezi, vyote viwili. Alikunywa taratibu na kumuuliza habari za ukungu.

Mkuu mpya alipokuja mwaka uliofuata, aliuliza ni nani aliyewasaidia watu wa Githongo, na dawati likarudi. Tangu hapo yamepita mengi: Mwanabibi na kabati lake, Nthiga na mashine yake ambayo sasa hurusha ndengu ndani ya gunia, na wengine wengi ambao ukurasa huu hauwatoshi. Walionyimwa ni wengi kuliko waliopewa, nami sitapamba hilo kwa ajili ya sherehe. Madam anayakumbuka majina ya walionyimwa, na hao ndio anaowapigia simu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Madam, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi hii, kwa kutukatia sentensi zetu nzuri, na kwa kutupandisha milima ya Imenti na kutushusha hadi jua la Mbeere bila kutuuliza kama tumekunywa chai. Tutakukosa sana, na ninalisema hilo nikiwa sioni vizuri ninachoandika. Tunawatakia wewe na Mwalimu afya njema, shamba lenye mvua na asubuhi ndefu zisizo na mtu wa kumsubiri.

Muthamia na Gacheri nimewaketisha mstari wa pili, nyuma ya Madam kabisa, na mpaka walipofungua programu hii hawakujua ni kwa nini siku ile alikuwa chini ya mwavuli akiandikisha wauza viatu kwa mkono wake. Sasa wanajua kwamba mkono ule ulipofukua mfuko wa kwanza uliooza ulijua unaihatarisha meza yake mwenyewe. Nimeliandika hili bila ruhusa yake. Akitaka kuniadhibu ana mpaka jioni, maana baada ya hapo si bosi wangu tena. Lakini Gacheri, usingoje hotuba ziishe. Yuko hapo mbele yako, amekaza shingo akijifanya anaangalia maua. Mguse bega.

Kirimi Mbaabu
Dawati la Ubunifu, Embu