Bwana Mkubwa, Mpiga Kengele wa Shule

Ndugu, jamaa na marafiki, walio nyuma wanaombwa wasogee karibu. Leo hakuna vipaza sauti. Mama wa marehemu ameomba hivyo, na wasifu huu, unaosomwa na mama yake mdogo, utaeleza sababu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 2010 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili wa baba seremala na mama fundi cherehani. Alilelewa katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Nyumbani aliitwa Bwana Mkubwa, kwa kuwa tangu utotoni hakukubali kuharakishwa. Alichelewa kusema. Randa ilipoanza kukwaruza alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini baba akimwonyesha kwanza, akaigusa kwa mkono wake, alitulia. Daktari wa watoto alisema mtoto ana usonji. Si ugonjwa wa kuponywa, alieleza, ila kelele humuumiza kuliko sisi, na jambo la ghafla humtisha mno.

Alianza shule Januari 2017. Ya kwanza ilimkataa baada ya wiki mbili. "Mama, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," aliambiwa mzazi mbele ya watu. "Mwanao hana adabu." Ya pili ilimpokea, ikamchapa kila alipoziba masikio kengele ikilia. Mama yake aliona alama mgongoni akimwogesha, akamtoa.

Katika shule ya tatu alikuta mwalimu wa darasa mwenye utu, aliyegundua kwamba mtoto haogopi kengele, anaogopa kushtukizwa. Akampa nyundo. "Piga mwenyewe, Bwana Mkubwa. Ukipiga wewe, haitakushtua." Kwa miaka mitatu alikigonga kile chuma kilichoning'inizwa nje ya ofisi, na hakuchelewa hata siku moja. Wakati fulani alimkatiza mgeni rasmi katikati ya hotuba, maana saa ya mapumziko ilikuwa imefika. Shule nzima ikatawanyika ikicheka, mgeni akabaki na karatasi zake. Bwana Mkubwa hakuelewa kosa liko wapi, na kwa kweli halikuwepo.

Mwaka huu mwalimu yule alihamishwa. Shule ikafunga king'ora cha umeme, nyundo ikachukuliwa. Mama yake alikwenda kuomba jambo dogo tu: mtoto aambiwe kabla hakijalia. Mwalimu wa nidhamu akamjibu, "Samaki mkunje angali mbichi, mama. Dunia haitamnyamazia huyu. Azoee." Alirudi tena na tena, akajibiwa yaleyale. Basi mtoto akajitafutia njia. Alishinda akikodolea macho saa ya ukutani, na muda ukikaribia aliziba masikio. Daftari zake zilibaki tupu. Shule ikasema amezoea.

Hapa kwa kawaida husomwa habari za ajira na ndoa. Marehemu alikuwa na miaka kumi na tatu. Kazi alikuwa nayo moja, aliipenda, wakamnyang'anya.

Wala hakuugua. Mwalimu mkuu alipofika msibani alisema, "Poleni sana. Kijana alikuwa mgonjwa siku nyingi." Mama yake akamjibu palepale, "Mwanangu hakuwa mgonjwa, mwalimu. Mwanangu alikimbia." Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023, fundi umeme aliitwa kurekebisha king'ora, akakijaribu katikati ya somo la hesabu. Saa ya ukutani haikuwa imemwonya. Bwana Mkubwa alitoka mbio, akapita geti lililoachwa wazi, akaingia barabarani mbele ya lori. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Neno moja la kumtahadharisha lingetosha, na hilo ndilo linalotuchoma.

Ameacha baba, mama, dada yake mkubwa, mama mdogo, na mwalimu aliyempa nyundo, ambaye tunamhesabu ndugu. Jeneza amelitengeneza baba yake, kwa gundi, bila kugonga msumari hata mmoja. Tunawaomba tusiimbe. Udongo tuumwage taratibu, kwa mikono.

Bwana Mkubwa, tunakuambia mapema, baba: sasa tunaanza kufukia. Usishtuke. Pumzika kwa amani.