Maranda ya Ustadhi Heshmatollah

Kwa niaba ya mjane wake Bi Turan, binti yake Mahlagha na ukoo wote wa Saburi, nasimama hapa kaburini kuwasomea maisha ya mjomba wetu, Ustadhi Heshmatollah Saburi, mwandishi wa hati, na mtaniwia radhi sauti ikikwama, maana tulichokiona leo asubuhi bado hakijatutoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1944 hapa Qazvin, nyuma ya soko la wafua shaba, mtoto wa tatu wa Mashhadi Gholam, muuza zabibu kavu, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1956, na mwaka huohuo baba yake, aliyechoshwa na mtoto wa kuchafua kuta kwa makaa, akamkabidhi kwa mwandishi mmoja mkali, ambaye kwa muda mrefu hakumruhusu kugusa wino, kazi yake ikawa kuchonga kalamu za matete tu, na siku alipotaka kufagia maranda mwalimu akamshika mkono, akamwambia, "Hayo hayatupwi, mwanangu, hayo ndiyo yatakayopasha moto maji ya kukuosha siku ukifa." Ndiyo desturi ya watu wa kalamu, na mtoto yule akarudi nyumbani na kuni za maiti yake mfukoni, akala, akalala.

Mwaka 1968 alifungua karakana yake mwenyewe, akaandika misahafu, milango ya misikiti, kadi za harusi na mawe ya makaburi, yakiwemo mengi ya haya mnayoyaegemea sasa hivi, na tarehe 2 Juni 1970 akamwoa Bi Turan, binti wa mwoka mikate, wakajaliwa mtoto mmoja, Mahlagha, mwaka 1973, ambaye naye alishika kalamu, akaanza kuweka maranda yake.

Mwaka 2019 mkono wa kulia wa Ustadhi ulianza kutetemeka, akapelekwa kwa madaktari wa Tehran, dawa zikasaidia kidogo, lakini kufikia majira ya baridi ya mwaka 2022 alifu yake haikusimama tena wima, naye akasema, "Mkono umechoka, lakini gunia limejaa," na kila hofu ya kifo ilipomjia alishuka stoo, akatumbukiza mkono katika maranda yake ya maisha, akapanda ngazi akiwa ametulia.

Kisha ikafika Jumanne tarehe 14 Machi 2023, jioni ya mioto ya kuaga mwaka wa Kiajemi, ambapo Bi Turan, aliyekuwa amepindua nyumba nzima kwa usafi wa mwaka mpya kama afanyavyo kila mwanamke wa mji huu, alikuta stoo gunia lililotafunwa na panya, akawapa vijana wa mtaa wakalichome, akiamini maranda ya mumewe yamo katika sanduku la buluu, kumbe mle mlikuwa na karatasi tu. Watu wakaruka moto wakiuimbia uwaondolee maradhi, "Unjano wangu chukua, wekundu wako nipe!" na Ustadhi akatoka mlangoni, akauliza, "Turan, gunia la stoo liko wapi?"

"Lile la panya? Si hilo linawaka."

Bi Turan akakaa chini barabarani, na marehemu akaomba ashikwe mikono, akauvuka ule moto polepole, akasema, "Haya, leo nimeota moto wangu mwenyewe, nao mtamu." Lakini walipoingia ndani alimwambia mkewe ukweli, kwamba anaogopa, anaogopa maji baridi.

Kuanzia asubuhi iliyofuata walikaa uani wawili kuchonga upya, mke ameshika tete, mume ameshika kisu, mkono ukitetemeka, na majirani tukasikia, "Kata, bwana wee, nimeshika," na jibu, "Basi usilinyonge, si shingo ya kuku," na kalamu zile zilizopinda akamgawia kila aliyepita, hadi moyo ulipomwangusha mwezi Desemba, na Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, alfajiri, akafariki kitandani kwake, akiacha maranda ya bati moja la biskuti, halijajaa.

Leo asubuhi, katika ua wa nyumba ya kuoshea maiti, Bi Turan alimimina bati lile chini ya sufuria, moto ukawaka kidogo, ukaanza kufifia, akaangalia chini. Ndipo Mahlagha akafungua mfuko wake wa miaka yote, akaumwaga wote.

Mama yake akamwambia, "Na wewe je, siku yako?"

"Mikono ninayo, mama. Nitachonga tena."

Nyuma yake wakaja wanafunzi wa marehemu, wazee kwa vijana, ambao hakuna aliyewaita, kila mmoja na fungu lake kwenye leso, fungu alilojiwekea mwenyewe, wakamwaga, moto ukapanda, na sisi tuliosimama pale tukarudi nyuma kwa joto lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa wafua shaba, watu wa kalamu wote, na mwosha maiti, Hajji Safar, aliyechota maji ya mkunazi, akatia kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, akakitoa haraka, akasema, "Yapoozeni jamani, tutamuunguza mzee."

Lala salama, Ustadhi wetu, tulilazimika kuyapooza.