Neno Nililoshindwa Kulitamka

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha biashara ameniambia nisimame, nimesimama. Ameniambia pia niwe mfupi, na hilo sikumwahidi. Wa kanisani, Bwana asifiwe. Wa msikitini, asalaam aleikum. Na wale waliokuja kwa sababu walisikia leo kuna chakula, nanyi karibuni, kwa maana habari yangu yote ni ya chakula.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa hoteli iliyo nyuma ya steji ya boda boda hapa Mumias. Wengine mmewahi kula kwangu chakula kibaya mkanyamaza, nami nawashukuru kwa huko kunyamaza. Leo nataka kuwaambia jinsi hoteli ile ilivyokaribia kufungwa, na haikuwa kwa kukosa wateja. Ilikaribia kufungwa kwa sababu kuna neno moja nilishindwa kulitamka. Neno lenyewe ni "hakuna".

Nimezaliwa Musanda. Kwetu, kama kwa wengi hapa, mgeni akiingia haulizwi kama amekula. Analetewa maji ya kunawa. Mama yangu sijawahi kumsikia akimwambia mtu hakuna chakula. Alikuwa anasema tu, "Kaa kidogo," halafu sisi watoto tunasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Nikakua nikijua kwamba kumwambia mtu hakuna ni sawa na kumfungia mlango usoni. Adabu hiyo nikaibeba nikaingia nayo kwenye biashara.

Nilipofungua hoteli nilimwita fundi wa kuchora aandike vyakula ukutani. Ukuta ulikuwa mrefu. Tukaanza na kuku wa kienyeji, obusuma, yaani ugali wetu, na mboga za mrenda na likhubi. Ukuta ukabaki. Tukaongeza samaki wa kukaanga, samaki wa mchuzi, matumbo, maini. Ukuta bado. Fundi akasema, "Mama, hapa pembeni pakibaki wazi patakaa vibaya." Basi tukaweka pilau, chipsi, biriani na tambi. Tambi, ndugu zangu, na mimi maishani sikuwa nimepika tambi. Fundi mwenyewe ni mtu wa kwetu, na mnajua sisi herufi za l na r tunaziazima tu, akaniandikia PIRAU kwa rangi nyekundu. Sote tukaona ni sawa, mpaka kaka mmoja wa msikitini alipoingia akasoma, akacheka hadi akatafuta kiti.

Sasa, kila kilichoandikwa ukutani nilitaka kiwe jikoni. Kwa maana mtu akisoma, akiitisha, nitamwambia nini? Asubuhi nilikuwa nazunguka soko natafuta samaki, maini, mchele, viazi, kila kitu kidogo kidogo, narudi nimechoka hata kabla moto haujawashwa. Jioni nusu ya vile vitu bado vinanitazama. Nikanunua friji kubwa, ile inayofunguliwa kwa juu, nikadhani nimepata dawa. Kumbe nilikuwa nimejenga kaburi la chakula ndani ya jikoni. Cha chini sikukiona tena. Stima ikapotea Jumamosi, ikarudi Jumatatu, na mkitaka kujua harufu ilivyokuwa, waulizeni vijana wa steji. Walihamisha pikipiki.

Kile kilichobaki kizima tulikula nyumbani. Mume wangu ni mtu mpole, hasemi mengi. Siku moja nilipofungua sufuria akauliza, "Mama watoto, hii pilau imenifuata tena? Naomba obusuma tu, hata kama ni na chumvi." Nilicheka, lakini nilikwenda jikoni nikakaa. Niliona wazi ninafanya kazi ya kulisha pipa la takataka.

Halafu ikaja siku yenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa heshima, aliyezoea kula kwangu kila akija mjini. Siku hiyo aliingia na wakwe zake. Nawaambia wakwe, si marafiki. Watu waliotoka mbali, wamevaa vizuri, wamekaa kimya kama wakwe wanavyokaa. Mzee hakuniuliza kitu. Aliketi, akageukia ukuta, akawaonyesha mstari wa kwanza kabisa. "Hapa," akasema, "mtakula ingokho inavyopikwa nyumbani."

Nami kuku sikuwa naye. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua samaki, maini na mchele wa biriani ambayo hakuna aliyeila. Nilipofika kwa akina mama wanaouza kuku, mkono wangu ulikuwa mtupu, nikajiambia kuku ninao kwenye friji. Walikuwa wawili, na walitoka kwa chakula cha saa nne. Kwa hiyo siku ile nilikuwa na matumbo, na tambi, na samaki wa aina mbili. Ila mtu ameleta wakwe, na ingokho haipo.

Nikasema lile neno. Nililisema nikiangalia sakafu. "Baba, kuku leo hakuna."

Mzee hakunikaripia. Laiti angenikaripia. Alichukua kofia yake mezani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akasema, "Si kitu, mama." Wakasimama wote. Niliwaona kupitia dirisha wakivuka barabara, yeye mbele, kichwa chini, na wakwe zake wakifuata. Ndugu zangu, nilihisi aibu hadi masikio yakawa moto. Wiki hiyohiyo nilimwambia mwenye nyumba mwisho wa mwezi ninatoka. Mikono yangu haijui kazi nyingine, na wale dada wawili wanaopika nami walikuwa wananitegemea, lakini nilikuwa nimekubali nimeshindwa.

Hapa ndipo anapoingia dada mmoja wa kikundi hiki. Simtaji jina, ila amekaa nyuma na sasa anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ana duka la dawa, na chakula cha mchana alikuwa anakulanga kwangu. Alisikia nafunga, akaja, akasimama katikati ya hoteli akauliza, "Wewe unauza nini?"

"Nauza chakula," nikamwambia.

"Hapana. Unauza ukuta."

Nilikasirika, siwafichi. Yeye akavuta kiti. "Dada, hata dukani kwangu vitu havilingani. Kuna dawa nikiikosa asubuhi moja, mtu anavuka barabara na harudi tena. Hizo naziangalia kabla sijafungua mlango. Kuna za msimu, mvua ikianza na watoto wakikohoa, naagiza nyingi. Na kuna ile inaulizwa na mtu mmoja mara moja kwa mwaka. Hiyo siweki. Namwambia hakuna, nitakuletea kesho."

"Na huoni aibu?"

"Aibu ni kumpa iliyoharibika."

Akaniambia nichukue makopo ya mafuta ya kupikia, niyapange dirishani jikoni, kila chakula cha ukutani na kopo lake. Sahani ikitoka, tutupe kizibo cha soda kwenye kopo la chakula hicho. Wapishi wangu walicheka, wakasema mama ameanza michezo ya watoto. Lakini walitupa vizibo. Baada ya muda yule dada akaja tukavimwaga mezani.

Fungu la chai lilikuwa mlima. Nikasema, haya, kumbe chai ndiye mkubwa wa nyumba hii. Akatikisa kichwa. "Usiangalie wingi wa vizibo peke yake. Uliza kila kizibo kimekuachia nini, na hicho chakula kisipouzwa kinakuumiza vipi. Majani ya chai yatakungoja kabatini mwezi mzima. Maini je?" Tukapima upya kwa macho hayo. Kuku hakuwa na fungu kubwa sana, lakini ndiye aliyekuwa amebeba hoteli, yeye na obusuma na mboga zetu. Vizibo vya pilau karibu vyote viliingia Ijumaa, watu wakitoka kuswali. Kopo la tambi tulipoligeuza akatoka buibui.

Sasa mtadhani nilifuta ukuta siku hiyo. Sikufuta. Kichwa kilikuwa kimeelewa, moyo ukakataa. Nilikuwa bado namsikia mama akisema, "Kaa kidogo." Nikaona siwezi kuvunja adabu ya kwetu bila kumwambia mwenyewe. Nikaenda Musanda. Nilimkuta anachambua mboga, nikamweleza yote, hata habari ya wale wakwe. Nilipofika hapo nililia.

Mama aliniacha nikamaliza. Halafu akaniuliza, "Kwani mimi nilikuwa na nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nilikuwa na kuku uani na mboga nyuma ya jikoni. Basi. Wageni walikuwa wanajuanga kwangu wanakuja kula nini. Nani aliniitisha samaki? Ningeitoa wapi?" Akarudi kwa mboga zake. "Sikusema hakuna kwa sababu vile vitu viwili sikukubali viishe."

Nawaambia ukweli, nilitoka pale nikiwa mwepesi. Miaka yote nilikuwa nimeibeba adabu ya mama yangu kichwa chini miguu juu. Nilidhani adabu ni kuwa na kila kitu. Kumbe ni kuhakikisha kile ulichomwahidi mtu hakikosi.

Nikampigia mwenye nyumba, nikamwambia bado nipo. Nikavipanga vyakula kama watu wanaofika nyumbani. Kuku, unga na mboga za kienyeji nikawaita watoto wa nyumbani. Hao nawaangalia kwa macho yangu mwenyewe kabla moto haujawashwa, na hawaruhusiwi kukosa. Kuku niliacha kuwalaza kwenye friji. Kuna akina mama wa Matungu wananiletea wakiwa hai, nimejenga banda la kuku nyuma ya jikoni, na kuku anachinjwa anapohitajika. Pilau na samaki nikawaita wageni wa kualikwa, wana siku yao. Pilau ni Ijumaa, samaki ni siku ya soko, nanunua cha siku hiyo na kinaisha siku hiyo. Biriani, maini na ile tambi ni wapita njia. Tunasalimiana vizuri, lakini hawalali kwangu. Ukitaka biriani niambie jana.

Msidhani nilipatia kila kitu. Kulikuwa na vile vitu vidogo vya bei ndogo, chai, chumvi, viungo, nikavitupa kwenye kundi la mwisho nikasema nitaviangalia nikipata nafasi. Na katika hivyo vidogo nikaweka musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayopikia mboga. Ni kitu cha karibu bure. Kikaisha bila mimi kujua. Mpishi akatia magadi ya dukani, akanyamaza. Mama mmoja mzee akaonja mrenda, akaniita. "Hii mrenda ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Si yako," akasema, akasukuma sahani.

Basi musherekha akahamia kwa watoto wa nyumbani siku hiyohiyo, na mpaka leo anakaa karibu na kuku, bega kwa bega. Nikajifunza kwamba kitu hakipimwi kwa bei yake peke yake. Unauliza kikikosa, ni nini kitasimama.

Ndipo nikamwita yule fundi. Alipaka ukuta wote rangi nyeupe, akaandika mistari michache. Pilau ya Ijumaa tulimsimamia herufi kwa herufi. Alipomaliza akauliza, "Na hii nafasi yote iliyobaki? Watu watasema mama ameishiwa." Nikamwambia aiache.

Yule mzee alirudi. Alikuja peke yake, akakaa palepale, akausoma ukuta mpya bila haraka. Nilijua ananipima. Akasema, "Niletee samaki." Haikuwa siku ya soko. Safari hii nilimtazama usoni. "Baba, samaki leo hakuna."

"Na kuku?"

"Kuku yuko. Bado anatembea."

Mzee alicheka, akavua kofia. Wiki iliyofuata aliwaleta wakwe zake, walewale. Nilichinja, nikapika mwenyewe, na firigisi, ile imondo ambayo mnajua hupewa mgeni wa heshima, niliipeleka kwa mkwe mkubwa kwa mikono miwili. Mzee alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Nilienda jikoni nikalia tena, lakini hicho kilio kilikuwa cha aina nyingine, na wapishi wangu walinishika mabega.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule dada wa nyuma, ambaye sasa ameacha mkoba na anafuta macho. Nawashukuru akina mama wa Matungu, wapishi wangu waliotupa vizibo huku wakinicheka, na mume wangu aliyekula pilau muda mrefu kuliko binadamu anavyopaswa. Namshukuru mama yangu Musanda.

Na wewe mwenye kibanda, mwenye duka, hata mwenye genge la nyanya, nakuachia hili. Panga vitu vyako vile watu wanavyovihitaji, usivipange vile ukuta ulivyo mrefu. Vya nyumbani vilinde, vya siku vialike kwa siku yake, na vingine viache vipite. Utashangaa kuona heshima haipungui.

Sasa Mwenyekiti ananionyesha saa, namaliza. Chakula cha leo nimekipika mimi, kiko pale nje chini ya turubai. Kuna obusuma, kuna ingokho, kuna mrenda uliopikwa kwa musherekha. Na kama kuna mtu humu ndani alikuja akitarajia tambi, nisamehe, mpendwa. Hakuna.